Wifi Sanna, Ua Lako Halijakatwa

Kumbukumbu ya Susanna Apollis wa Goedewacht, aliyetutoka tarehe 14 Septemba mwaka jana akiwa na umri wa miaka sabini na tisa

Mwaka umetimia leo, Wifi, tangu ulipokaa kwenye kreti lako la mbao katikati ya vichaka vyako, ukaweka kikombe cha kahawa chini, usikiinue tena. Nilikuona kupitia dirisha la jikoni nikadhani unasinzia. Nikakuacha usinzie kwa muda wa kukanda mkate mmoja. Mpaka leo sijui kama nijilaumu kwa dakika zile au nifurahi kwamba nilikupa utulivu.

Wanaoandika kumbukumbu katika jarida hili la misheni husema marehemu wao alikuwa mpole. Sisi hatutaandika hivyo, maana Goedewacht nzima ingetucheka. Ulikuwa mkaidi, Wifi. Ulikuwa mkaidi kwa mvua, kwa jua, kwa wazee wa baraza na kwa dawa za zahanati. Leo tunaandika kushukuru kwa ukaidi huo, na kuwaambia wote wanaosoma kwamba haukuzikwa nawe.

Nilikuja nyumbani kwenu nikiwa bi harusi wa kaka yako Andries. Ulinitazama kutoka utosini hadi unyayoni ukasema, "Kumbe wewe ndiye utakayekula mkate wangu." Niliogopa usiku kucha. Asubuhi nikakuta viatu vyangu vimewekwa karibu na jiko, vina joto, na wewe umeshaondoka kwenda kazini. Miaka yote ya baridi iliyofuata vilikuwa hapo. Hukuwahi kusema neno juu ya viatu, nami nilijua nisikushukuru, kwa sababu ungeacha.

Kazi yako ilikuwa kuchuma maua ya porini. Tangu ukiwa na miaka kumi na minne ulipanda lori la bwana shamba na wanawake wenzako, mkasi kiunoni, mkakata maua ya kilima cha chokaa kilichoko juu ya kijiji na kuyafunga mafungu ya kumi kumi. Yalikwenda mbali, kwa watu tusiowajua. Mlikata zaidi luisi ya chokaa, kwa kuwa haipatikani kilima kingine chochote tunachokijua, na kwa kuwa ua lake hudumu wiki tatu katika chupa.

Kwa wasomaji vijana wasioijua: ni kichaka kinachofika kiunoni, majani yake ya kijivu hayapukutiki kiangazi wala kipupwe, nacho huishi miezi mitano bila tone la maji. Ua lake ni la njano, limejaa nyuzi zenye ncha nyekundu, kama mto uliochomekwa pini. Jina lake kwa lugha yetu maana yake ni chawa, kwa sababu ya umbo la mbegu zake. Ua zuri namna ile, na sisi tukaliita chawa!

Ulipokuwa na miaka hamsini na saba, mama mmoja wa chuo alikuja kutoka mjini kuhesabu luisi za chokaa. Alipanda kilima asubuhi akashuka saa nane mchana. Tulimpa chai. Akasema, "Nimepata kumi na moja." Ukamuuliza, "Kumi na moja upande upi?" Akajibu, "Kilima kizima, mama."

Hukunywa chai yako. Alipoondoka ulinyoosha mikono yako juu ya meza ukaitazama. "Mietjie," ukaniambia, "ua likikatwa halitoi mbegu. Mimi ndiye niliyewamaliza hawa. Kwa mkasi wangu mwenyewe."

Nilikuambia ulikuwa mtoto, ulikuwa mfanyakazi, aliyekutuma ni mwingine. Ukasema, "Aliyenituma hakuwa na mkasi." Tangu siku ile hukukata tena ua la luisi maishani mwako. Ukaanza kuziotesha.

Mwaka wa kwanza ulipanda mbegu kwenye makopo kama maharage. Hakuna kilichoota. Mwaka wa pili ulizimwagilia asubuhi na jioni, zikaoza. Mwenyekiti wa baraza letu, Floris Dampies, wakati ule bado hajawa mwenyekiti, alikuwa akipita nje ya ukuta akipaza sauti: "Anti Sanna! Chawa wako wamezaa?"

"Bado, Floris! Lete kichwa chako, huko hawakosi!"

Mwaka wa tatu moto ulipita pembe moja ya kilima, na baada ya mvua ukapata miche miwili palipoungua. Hapo ukaacha kupanda ukaanza kutazama. Ulilala kifudifudi kwenye mawe, mwanamke wa miaka sitini, ukiwatazama sisimizi. Ulirudi nyumbani magoti yamechubuka na uso umejaa furaha. "Wanazibeba, Mietjie! Kila mbegu ina kikofia cheupe cha mafuta. Wanaiburuta mpaka shimoni, wanakula kikofia, mbegu wanaiacha huko chini, salama. Halafu inangoja moto. Hawa hawafunguki bila moto." Uliziita "hawa", kama watu, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Basi ukachukua trei za mchanga uliotiwa mbegu ukaziingiza katika kibanda ambamo Andries alikausha samaki kwa moshi. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliyapata.

"Sanna, samaki wangu wananuka maua."

"Afadhali. Zamani walinuka wewe."

"Nitakula nini?"

"Kula na ukimya, kaka."

Ilipokuja mvua ya Juni, trei moja ilitoa miche saba. Mitatu ilikufa kwa sababu uligusa mizizi ulipoihamisha. Minne ilikua. Ikawa tisa, ikawa kumi na mitano, ikawa vichaka kumi na tisa katika kiwanja chako cha mawe ambacho kila mtu alisema hakifai hata kwa mbuzi. Kila Novemba ulifunga vifuko vya soksi kuukuu juu ya vichwa vya maua yaliyonyauka, ili mbegu zisianguke sisimizi wakakuwahi, na kila mbegu uliyoivuna uliirudisha kilimani kwa mguu. Hukumwuzia mtu hata moja. Waliokuja na magari kuomba maua ya arusi uliwapa kahawa na maandazi, ukawaonyesha barabara.

Na ulinifundisha, mara mia, maana mimi siwezi kuona kitu kimesimama peke yake bila kukiongezea kitu. "Wifi, usiwapelekee maji. Wifi, usiwapelekee samadi, kwao ni sumu. Wamezoea njaa. Ukiwalisha wanakufa." Nikasema, "Hakuna kiumbe anayekufa kwa kulishwa." Ukasema, "Basi njoo uone wangu."

Kaka yako alipofariki, watu walidhani siku hiyo ungekata. Ilikuwa Septemba, vichaka vimewaka njano tupu. Ulisimama mbele ya jeneza mikono mitupu. Mama mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Hata ndugu yake wa damu!" Ukageuka ukamjibu bila kunong'ona: "Andries ameshafika anakokwenda. Ua hili bado lina safari." Wengi walikuona huna moyo. Mimi ndiye niliyejua kwamba kwa miezi minane ya ugonjwa wake hukuniacha niinue ndoo hata moja, na kwamba kipande cha mwisho cha mkate, kile chenye gamba gumu alilolipenda, ulikificha kwenye mfuko wa aproni yako mpaka apate nguvu ya kutafuna.

Kisha ukaja mwaka wa mwisho. Kilima kilikuwa kimeungua miaka minne kabla, na mbegu zako zote za miaka kumi na kitu zikatoka, tukapanda kwenda kuziona, nawe ukacheka kama msichana. Zilikuwa bado changa, hazijatoa ua la kwanza, moto wa pili ulipopita Februari. Ulikwenda juu na mwanangu Neville, anayefanya kazi na kikosi cha zimamoto cha wilaya. Mlirudi na masizi kwenye viatu. "Basi," ulisema. "Tumebaki na hawa kumi na tisa tu." Ukachemsha kahawa. Miezi saba baadaye ukakaa kwenye kreti lako.

Siku ya mazishi vichaka vilikuwa vimechanua kuliko mwaka wowote. Evelina binti yangu, anayekupenda kama mama, alitoka na mkasi akilia.

"Shangazi hawezi kwenda bila ua, Mama. Ameyaotesha miaka ishirini na miwili. Tukate matatu tu. Moja la kichwani, moja..."

"Hakuna."

"Watu watasema nini?"

"Watasema kama walivyosema kwa baba yako."

Floris alikuja naye, kofia mkononi, akasema kwa heshima, "Anti Mietjie, hata moja? Sisi wenyewe tutaona aibu." Nikasimama kati yao na kichaka cha kwanza. Mimi, ambaye sijawahi kumkatalia mtu kikombe cha sukari. Nilisema, "Atakayekata atanikata mimi kwanza." Ukazikwa katika jeneza la mbao tupu, Wifi. Nadhani lilikuwa jeneza zuri kuliko yote niliyoyaona.

Sasa nafika pahali ambapo nilitamani kuruka. Evelina alisema si lazima kuandika. Mimi naona ni lazima, tena hapa hapa, ambapo watu wote watasoma.

Ulipokwenda nilibaki na mikono isiyo na kazi. Niliamka asubuhi nikakuta viatu vyangu baridi. Nilitazama vichaka vyako kupitia dirisha la jikoni, navyo vilikuwa yatima kama mimi, na Oktoba upepo wa kusini-mashariki ulikuwa umeanza kukausha kila kitu. Nikachukua toroli. Nikaenda kwenye banda la kuku, nikajaza samadi, ile nzuri, ya zamani, iliyolainika. Nikaweka kwenye shina la kila kichaka, kwa mikono yangu, kama ninayefunika watoto. Jioni nikaleta maji ya kuoshea vyombo. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Nilizungumza navyo. Nilijua ulichoniambia, sisemi nilisahau. Nilifikiri tu kwamba wewe ulikuwa mgumu na mimi ni laini, na sasa ni zamu ya laini.

Hatukufunga hata vifuko vya soksi. Novemba ilipita nikamkumbusha Evelina, naye akakumbuka, na wote wawili tulikuwa tumechelewa. Mbegu zilikuwa zimeshaanguka na sisimizi wameshapita. Nililia kwa ajili ya mbegu. Sikujua kwamba nilipaswa kulia kwa jambo jingine.

Ilipofika Krismasi kingo za majani zilikuwa kahawia. Katikati ya Januari vyote kumi na tisa vilisimama vikavu kama mafagio. Neville alivunja tawi, akaona ndani hakuna unyevu, akanikumbatia begani. "Mama, usijitese. Umewaua kwa upendo."

"Usinitafutie jina zuri, mwanangu. Nimewaua kwa samadi."

Nisamehe, Wifi. Sisemi zaidi ya hapo kwa sababu ungesema, "Yamekwisha, inua ndoo."

Februari Floris alileta barua ya baraza. Angeweza kumtuma mtu, akaja mwenyewe, na hilo nililiona. Desturi yetu kila mtu anaijua: ardhi ni ya misheni, mwenye kiwanja akifa bila mtoto, kiwanja kinabaki na jamaa zake iwapo kwa mwaka na siku moja kuna alichokipanda ambacho bado kiko hai juu yake. Kisipokuwepo, kinarudi kijijini. Mkwewe Floris alikuwa akihitaji pahali pa gereji.

"Siyo mimi, Anti. Ni desturi."

"Najua desturi, Floris. Niliijua kabla hujaota meno."

"Pale hakuna kitu hai. Nimetazama."

"Mwaka haujaisha."

"Anti Mietjie." Aliongea polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa. "Vimti vimekufa."

"Na mwaka haujaisha. Soma barua yako."

Alipotoka niliketi, kwa kuwa sikuwa na kitu chochote zaidi ya kusema hivyo. Ulikuwa ukaidi mtupu, wa kuazima kwako.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka tulikwenda makaburini na ndoo za chokaa kama kawaida, familia zote, kila mtu na burashi yake, tukapaka makaburi meupe kwa ajili ya alfajiri ya ufufuko. Nilipaka lako mara mbili. Chokaa ilitoka kilimani kwetu, na harufu yake ilikuwa harufu ya nguo zako ulipokuwa ukirudi kutoka kutazama sisimizi. Nikasimama na burashi inadondosha. Nikawaza: sisimizi wameshapita. Wamepita wapi? Wamezipeleka wapi? Evelina aliniona.

"Mama, unaumwa?"

"Mwite Neville. Nataka kuchoma kiwanja."

"Kuchoma?"

"Alisema hawafunguki bila moto."

"Mama, yale mashina ndiyo yaliyobaki ya Shangazi. Ulimwaga samadi, sasa unataka moto? Tusubiri walau watu wa chuo watuambie."

"Watu wa chuo wana muda. Mimi nina mpaka Septemba."

Neville aliomba kibali kwa wakubwa wake, akakipata. Wiki moja baada ya Pasaka, asubuhi isiyo na upepo, alikuja na wenzake wanne na tangi la maji, wakalima mkanda mtupu wa kuzuia moto kuzunguka ukuta. Nusu ya kijiji ilikuja na matawi mabichi ya kupigia cheche, na nusu nyingine ikaja kutazama. Nilisikia mtu akisema, "Kwanza samadi, sasa moto. Tungojee gharika." Wakacheka, nami nikacheka pia, kwa sababu wewe ungecheka. Kisha nikamwambia Neville anipe kiberiti. Nilitaka mkono ulioua uwe ndio unaowasha.

Iliungua chini ya nusu saa. Vichaka vyako vilitoa moshi mweupe mtamu ulioingia mpaka jikoni na kukaa katika mapazia wiki mbili. Sikuyafua.

Baada ya hapo nilifanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yangu: sikufanya kitu. Kila asubuhi nilikwenda mpaka ukutani, nikashika mikono yangu nyuma kama askari, nikatazama majivu, nikarudi. Sikupeleka maji. Sikung'oa jani. Mvua ya Mei ikaja, mvua ya Juni ikaja na baridi yake, majivu yakawa tope, tope likaota nyasi fupi. Palipokuwa na vichaka vyako hapakuwa na kitu. Nilitazama sehemu zile kumi na tisa, moja moja, kila siku, hapana kitu. Nilianza kuzoea neno gereji.

Tarehe ishirini na mbili Julai Evelina alikuwa anaanika nguo. Akaniita, "Mama, magugu gani haya yameota kwenye mstari?"

Hayakuwa palipokuwa na vichaka, ndiyo maana sikuyaona. Yalikuwa upande wa pili, chini ya ukuta wa mawe, mbali na samadi yangu yote. Kila kimche kilikuwa na vijani viwili vinene, kama masikio. Vilifuatana kutoka pembeni mwa kiwanja mpaka kwenye shimo la sisimizi chini ya ukuta, na hapo mdomoni mwa shimo vimebanana kama watu mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa barabara yao, Wifi. Walizibeba mbegu tulizosahau kuzifunga, mbegu za maua tuliyokataa kuyakata kwa jeneza lako, wakaziweka chini pale ambapo upendo wangu haukufika. Nilipiga magoti. Nilinyoosha kidole nikakirudisha. Sikugusa hata kimoja.

Alhamisi iliyopita Floris alikuja na daftari la baraza. Alichuchumaa ukutani, akatazama muda mrefu. Kisha akasimama akajikung'uta magoti.

"Ni luisi. Sikatai. Lakini desturi inasema alichokipanda marehemu. Hizi hakuzipanda Anti Sanna. Zimejiotea."

Evelina akaanza kupandisha sauti. Nikamshika mkono.

"Floris, nani alizipanda?"

"Sisimizi, Anti! Wewe mwenyewe umesema!"

"Mama yao nani alimpanda?"

"Mama yao amekufa."

"Floris, mwanangu. Kiwanja unachokaa kiliwabakia vipi kwenu, kaka mkubwa wa babu yako alipokufa bila mtoto?"

Akaliweka daftari kwapani. Evelina akaanza kutabasamu, maana Goedewacht yote inajua.

"Kwa mti wa pichi," nikasema. "Na mti wa pichi alipanda nani?"

"Anti, hayo ni ya zamani sana..."

"Alitema kokwa dirishani. Alikuwa akila pichi akatema kokwa, likaanguka karibu na bomba. Mti ukaota, baraza likauangalia likasema ni wake, nanyi mkabaki, na wewe ukazaliwa chini ya mti huo, na jemu yake umeila mpaka ukanenepa. Sanna hakutema, Floris. Sanna alilala kifudifudi juu ya mawe miaka ishirini na miwili. Basi mwandikie, au nenda kaukate mti wa pichi kwanza, halafu urudi tuzungumze habari za gereji."

Alivua kofia. Akajikuna kichwa, na mimi nikakukumbuka wewe na maneno yako ya chawa, nikajizuia. Akafungua daftari.

"Ngapi?"

"Andika arobaini na mmoja."

Hakuandika. Alichuchumaa tena, akaanza kuhesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu, mbali na majani, bila kugusa. Nilidhani anatafuta makosa. Alipofika mwisho akainamisha kichwa mpaka sikio likawa karibu na ardhi.

"Arobaini na miwili, Anti. Kuna mmoja hapa chini ya jiwe. Hukuuona."

Akauandika. Nimemwambia nitaliweka jambo hili katika kumbukumbu yako, akasema nisiweke. Nimeliweka.

Hivyo kesho, mwaka na siku moja ukitimia, kiwanja chako kitabaki chako. Vimche bado ni vidogo, vinafika kwenye kifundo cha mguu wa kuku. Vitachukua miaka minne kutoa ua la kwanza, na mimi nina miaka themanini na mmoja. Nimewaambia watoto nakusudia kuliona. Na mbegu za kwanza zitarudi kilimani, kwa mguu, na kilima kikiungua tena mapema tutapanda tena, na kikiungua tena tutapanda tena. Watakaochoka ni moto.

Kwa wote watakaokuja makaburini Jumapili: msilete maua yaliyokatwa, ya aina yoyote. Njooni mikono mitupu kama alivyosimama yeye. Kahawa na maandazi vitakuwepo nyumbani baada ya ibada. Watakaotaka kuona miche wasimame nje ya ukuta. Mwenye ndoo ya maji aiache getini. Mwenye samadi nitamjua kwa harufu.

Mimi mwenyewe nitakuwa hapo, Wifi, mikono nyuma. Asubuhi siku hizi viatu vyangu naviweka karibu na jiko kabla sijalala, na vya Evelina pembeni yake. Yeye hajasema neno. Hilo nalo nimeliacha lilivyo.

Unakumbukwa na wifi yako Mietjie. Watoto wa kaka yako, Evelina na Neville. Wajukuu na vitukuu vya nyumba ya Apollis. Wanawake wenzako wa lori waliobaki hai. Floris Dampies, ambaye hakuomba jina lake litiwe. Na wale arobaini na wawili.

Kukusahau hatuwezi, Wifi Sanna. Na kukata hatukati.